Wanakijiji wa Dakatcha na kiota kilichotafutwa kwa miaka 100

Ukivuka daraja la Sabaki kutoka Malindi na kushika njia ya bara iendayo Marafa, minazi huanza kupungua, ardhi huinuka taratibu na udongo hugeuka kuwa mchanga. Wageni wengi huishia Marafa penyewe. Hutazama Nyari, bonde lile lenye kuta nyekundu na nyeupe zilizochongwa na mvua, hupiga picha, kisha hurejea pwani kabla ya magharibi. Wachache huendelea mbele hadi msitu wa Dakatcha, na aghlabu hao wachache huwa wamekuja kumtafuta ndege mmoja ambaye ukubwa wake haupiti wa shomoro.

Ndege huyo ni kwera wa Clarke. Kwera, kwa msomaji asiyelizoea jina hili, ni jamaa ya ndege wafumao viota, wale ambao wengi wetu tumezoea kuwaita minana. Nyumba yenye mnazi au mwembe uani haikosi kuzijua kelele zao za asubuhi. Huyu wa Clarke, hata hivyo, hana mazoea na nyua za watu. Dume ana kichwa, kifua na mgongo vyeusi na tumbo la manjano. Jike ana mgongo wa kijani kibichi kilichofifia na manjano upande wa chini. Hashuki kuokota punje za mtama kama wafanyavyo wengi katika jamaa zake. Hutembea kwa makundi juu kabisa ya miti ya mirihi, akipekua matawi na magome kutafuta wadudu, na kundi zima laweza kupita juu ya kichwa cha mtu asisikie ila sauti nyembamba zinazopokezana. Ulimwenguni kote hajulikani kuishi mahali pengine isipokuwa katika Kaunti ya Kilifi.

Wiki hii tumeona vyema kuutenga ukurasa huu kwa ajili ya wanakijiji waliojitwika kazi ya kumlinda. Ni kikundi cha wenyeji cha kuhifadhi msitu wa Dakatcha, ambacho wanachama wake ni wakazi wa vijiji vilivyo kandokando ya msitu, watu wa jembe na mifugo. Habari zao hazisikiki sana huku mjini, nasi tunadhani zinastahili kusikika, kwa sababu jambo wanalolisimamia halijapata suluhu na sisi wenyewe tumo ndani yake.

Kwanza tueleze fumbo lenyewe. Ndege huyu aliingizwa katika vitabu vya wataalamu mwaka 1913. Mwingereza Stephenson Clarke ndiye aliyemwandika, na jina lake la kitaalamu, golandi, akampa kwa heshima ya ndugu yake Goland aliyempata ndege huyo. Tangu hapo watafiti wakawa wanamwona katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio baina ya Kilifi na Malindi, hasa katika ukanda wa mirihi. Walimwona akila, wakamwona akiruka kwa makundi, wakayahesabu makundi hayo. Kisha ulifika wakati katika mwaka ambapo ndege walitoweka, na hakuna aliyejua walikokwenda. Kiota chao hakikuonwa na mtaalamu yeyote.

Jambo hili lilikuwa la ajabu kuliko linavyosikika. Ndege wa jamaa hii wanajulikana kwa ufundi wa kufuma. Mtoto wa miaka mitano aweza kukuonyesha kiota cha mnana. Huyu mmoja alikuwa mfumaji ambaye hakuna mtaalamu aliyepata kuuona mfumo wake. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba hujenga juu ya mirihi, maana huko ndiko alikoonekana siku zote. Basi watu wakawa wanatazama juu.

Ng'ambo ya Mto Sabaki, upande wa kaskazini, mirihi imo pia katika msitu wa Dakatcha, na huko nako kwera wa Clarke walikuwa wakionekana. Kikundi cha wenyeji kilikuwa kikifanya kazi na Nature Kenya, jumuiya ya wapenda maumbile iliyoasisiwa mwaka 1909, ambayo huvisaidia vikundi vya vijijini katika maeneo yanayotambuliwa kuwa muhimu kwa ndege. Nchini Kenya maeneo hayo yanazidi 60. Aliyekuwa pamoja nao katika msako wa kiota ni Bi. Fleur Ng'weno, ambaye tangu 1971 amekuwa akiwaongoza watu katika matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege jijini Nairobi. Yeye alikuwa na ujuzi wa ndege wa miaka mingi. Wao walikuwa na ujuzi wa mahali: wapi maji hutuama baada ya mvua, wapi ndago humea, njia ipi hupitika wakati wa tope.

Katika masika ya mwaka 2013 kiota kilipatikana. Ndege hawakuwa juu ya mirihi hata kidogo. Walikuwa chini kabisa, katika kinamasi cha msimu, na viota vyao wamevifuma katika ndago zilizosimama majini. Tangu kuandikwa kwa jina la ndege huyu hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 100 kamili.

Tunajua wapo wasomaji watakaouliza faida ya ugunduzi wa namna hii kwa mtu anayetafuta karo ya watoto. Swali ni la haki, na tutalifikia. Lakini kwanza yafaa kuangalia ugunduzi huo ulibadilisha nini. Kabla yake, aliyetaka kumlinda kwera wa Clarke angesema: tuilinde mirihi, basi. Baada yake ilibainika kwamba ndege huyu ana nyumba mbili. Anapokula ni kwenye mirihi. Anapozaa ni kwenye kinamasi. Ukiulinda msitu na kukiacha kinamasi kilimwe, utabaki na ndege wazima wanaozeeka pasipo makinda. Nacho kinamasi cha msimu hakina heshima ya msitu. Kwa miezi mingi ya mwaka ni uwanja mkavu wenye nyufa, na mwenye jembe akiupita hawezi kulaumiwa akiona pale shamba la mpunga au mahali pa kunyweshea ng'ombe.

Ipo tofauti nyingine iliyo nzito zaidi. Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1943. Una walinzi, una mipaka, una afisi. Dakatcha haukuwa na hadhi hiyo. Ni ardhi ya watu, yenye mashamba, malisho, makaburi ya mababu na msitu, vyote vikiwa vimechanganyika. Kwa hiyo kwera wa Clarke yuko katika hali ya mtu anayekula kwenye nyumba yenye ukuta na kulea watoto wake kwenye kibanda kisicho na mlango.

Hatari ya kukosa mlango ilionekana miaka michache kabla ya kiota kupatikana. Kampuni moja kutoka Ulaya ilileta mpango wa kupanda mbono kaburi, ule mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kuendeshea mitambo, juu ya hekta 50,000 katika eneo la Dakatcha. Hekta 50,000 ni kilomita za mraba 500, ardhi kubwa kuliko msitu wote wa Arabuko-Sokoke. Mafuta hayo yalisifiwa kuwa ni safi kwa mazingira, na lugha ya mpango ilikuwa tamu: ajira, barabara, maendeleo. Wenyeji waligawanyika. Wapo waliotaka kazi, na wapo waliouliza wao na makaburi yao watahamia wapi. Wanakikundi na jumuiya za uhifadhi, pamoja na watetezi wa haki za ardhi, walipinga kwa hoja na kwa takwimu za ndege walizokuwa wamezikusanya, na mwishowe mpango ule mkubwa haukupata kuendelea. Kwa maoni yetu, somo kubwa la kisa kile lilikuwa katika madaftari. Mwenye kuhesabu ndege kila mwaka alikuwa na ushahidi wa kuweka mezani. Asiyehesabu angekuwa na malalamiko tu.

Hesabu hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya kikundi. Mtu wa mbali hudhani ni burudani ya kutembea na darubini shingoni. Wahesabuji hupita njia zilezile msimu hadi msimu, ili hesabu ya mwaka huu ilinganishwe na ya mwaka jana. Fomu wanazojaza huuliza mambo matatu: hali ya ndege na makazi yao, mambo yanayowadhuru, na hatua zinazochukuliwa. Maana yake ni kwamba macho yanayomtafuta kwera juu ya mti sharti yatazame na chini pia, kwenye visiki vipya, matanuri ya makaa na mahali palipofyekwa. Kwenye vinamasi kazi ni ngumu zaidi. Ndege hawa hawana ahadi na dimbwi moja. Mvua ndiyo huamua. Kinamasi kilichojaa viota mwaka huu huenda mwakani kikawa kikavu, au kikafurika kupita kiasi, na ndege wakahamia kingine au wasionekane wakizaa kabisa. Kwa hiyo mvua ikinyesha, mtu sharti atoke akazungukie dimbwi baada ya dimbwi, na aghlabu arudi mikono mitupu.

Hili ndilo jambo ambalo mtaalamu wa kuja na kurudi hawezi kulifanya. Gari lake haliwezi kukaa Dakatcha likingoja mawingu. Mwanakijiji yupo, na anapokwenda kutafuta ng'ombe aliyepotea huwa amepita vinamasi vitatu.

Sasa turejee kwa mwenye kutafuta karo. Maadui wa leo wa Dakatcha hawaji na ramani za hekta elfu hamsini. Ni mashamba ya mananasi, moja moja, yanayoingia msituni kidogo kidogo, na ni makaa. Udongo unaootesha mirihi ni mchanga usio na rutuba nyingi, na mahindi juu yake hutegemea rehema ya mvua. Nanasi huvumilia mchanga na ukavu, na lina soko. Si ajabu basi kwamba mkulima amelikimbilia. Makaa nayo ni benki ya mtu asiye na benki. Mvua ikikosekana miti haikosekani, na gunia likifika kando ya barabara hupata mnunuzi siku hiyohiyo.

Mwezi Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Marufuku ile ilikuwa na kazi yake, lakini haikumlisha mtu. Kikundi kimeshika njia ya polepole: mizinga ya nyuki inayotundikwa kwenye miti iliyo hai, vitalu vya miche, na kuwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Nyuki wana faida moja ambayo tumeipenda kwa wepesi wake wa kueleweka: anayevuna asali kutoka kwenye mti huwa mlinzi wa mti huo bila kuhubiriwa. Si njia ya kutajirisha. Mwaka wa ukame nyuki nao huhama, na hapo tanuri humwita mtu tena.

Mfano wa njia hii kufanya kazi tunao hapa hapa Pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima wengi waliopakana na Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede, ambapo wakulima hufuga viwavi wa vipepeo na kuuza mabuu yao kwa maonyesho ya ng'ambo. Mtu aliyekuwa akiuona msitu kama ukuta uliomzuia shamba, akaanza kuuona kama mahali vipepeo wake wazazi wanakotoka. Nyani na tembo waliendelea kuwasumbua watu kama kawaida, lakini kilio cha kuukata msitu wote kilipungua.

Kwa Dakatcha, pamoja na asali, liko suala la ardhi lenyewe, na hapa ndipo tunapoona penye uzito. Zamani ardhi za namna hii zilishikwa kwa amana na mabaraza ya serikali za mitaa kwa niaba ya wakazi. Katiba ya 2010 ikazitambua kuwa ardhi za jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu: jamii ijisajili, ichague kamati ya watu saba hadi 15, na uamuzi wa kuitoa ardhi usipite bila kuungwa mkono na thuluthi mbili za mkutano wa wanajamii. Katika karatasi ni ulinzi mzuri. Lakini usajili huenda pole, na kabla haujakamilika mwenye fedha aweza kuzungumza na mtu mmoja mmoja. Jumuiya za uhifadhi, Nature Kenya ikiwa miongoni mwao, zimenunua vipande vya msitu wa Dakatcha ili viwe hifadhi. Tunauona ununuzi huo kuwa wa busara pale ambapo muuzaji ni mwenye haki ya kuuza na jirani zake wameshirikishwa. Hata hivyo hakuna jumuiya itakayoweza kununua kila dimbwi ambalo kwera huenda akalichagua mwaka ambao haujaja. Vingi vya vinamasi hivyo vitabaki mikononi mwa wanakijiji, na kitakachowalinda ndege ni jirani kumwambia jirani: hapa subiri, wamo ndani, watoke kwanza.

Tulisema kwamba na sisi tumo ndani ya jambo hili. Makaa hayachomwi ili yakae Dakatcha. Yanateremka Malindi, yanaingia Mombasa, yanapikia mahamri na pilau za arusi, na katika mwezi wa Ramadhani jiko hukaa moto kutoka alasiri hadi usiku. Kwa matanuri ya udongo ya kienyeji, tani moja ya makaa huweza kula tani tano hadi kumi za kuni. Mama anayenunua debe moja hana namna ya kuuona mti uliokwisha kuwa moshi kabla haujamfikia. Hatusemi makaa yaachwe leo. Bei ya gesi tunaijua sote. Tunasema si haki kumlaumu mchomaji na kumsahau mnunuzi. Yapo majiko ya bati yenye udongo wa kufinyangwa ndani, yaliyoenea nchini tangu miaka ya 1980, ambayo hupunguza matumizi ya makaa kwa kiasi cha theluthi moja au zaidi yakilinganishwa na jiko la bati tupu. Kuloweka kunde na maharagwe usiku kucha hupunguza tena. Kufunika sufuria, na kuyazima makaa yaliyobaki kwa kuyafunika badala ya kuyaacha yajifie, ni mambo ambayo bibi zetu walituusia kwa sababu ya ubanifu, na yangali yanafaa.

Kwa upande wa watoto, wapo ambao likizo zao hupita wakiwa na manati au ulimbo. Tunawaomba wazazi wawabadilishie mchezo. Kama uani pana minana, mtoto apewe daftari: viota vingapi vimejengwa wiki hii, vingapi vimebomolewa na ndege wenyewe, dume ana rangi gani na jike ana ipi. Atagundua kwamba katika minana wengi dume hufuma na jike hukagua, na kwamba jike asiporidhika kazi huanza upya, jambo ambalo limewahi kuzua kicheko katika nyumba zaidi ya moja. Vilevile wafundishwe kumwacha bundi. Wengi wamelelewa wakiambiwa ni mkosi, ilhali katika Arabuko-Sokoke yuko bundi mdogo, urefu wake sentimita 16 hivi, ambaye watu husafiri kutoka mabara mengine ili wamwone tu amekaa kimya kwenye tawi. Mwongozaji wa kienyeji anayejua tawi hilo hulisha familia kwa ujuzi huo.

Familia itakayopenda kwenda Dakatcha yenyewe ifuate mambo machache. Waanzie Marafa na watafute mwongozaji mwenyeji. Njia za msituni hazina vibao, na malipo yake ndiyo yanayoifanya kazi ya kikundi iwezekane. Waende alfajiri, kwa kuwa ndege hutulia jua likishapanda. Wachukue maji ya kutosha na viatu vilivyofunika vidole. Wakati wa masika, kinamasi kikiwa na viota, kitazamwe kutoka kando na kwa darubini, hata kama watoto wanatamani kusogea. Ndege wengi wakifadhaishwa wakiwa na mayai hukiacha kiota, na kwa kwera wa Clarke, mvua ya kujengea kingine huenda isije hadi mwaka ufuatao.